Moto Uko Ndani, Moshi Utatokea Wapi? Kipupwe cha Embu na Meru

Iwapo una safari ya kwenda Embu au Meru kati ya Juni na Agosti, beba sweta mbili. Ya kwanza ni ya kuvaa njiani, na ya pili ni ya kuvaa ndani ya nyumba utakamolala. Usicheke. Wengi wetu wa mjini huamini kwamba baridi ni kitu cha nje, na kwamba ukishafunga mlango umeiacha barazani. Katika miinuko ya mashariki ya Mlima Kenya mambo hayako hivyo. Huko baridi huingia pamoja na mgeni, huketi naye kwenye kochi, na usiku hupanda naye kitandani.

Gari litokalo Nairobi hupita Thika, likafika Makutano na kukata mashamba ya mpunga ya Mwea. Hapo Mwea abiria bado wamefungua madirisha. Baada ya muda mfupi barabara huanza kupanda, na ufikapo mji wa Embu, ulio karibu meta 1,350 juu ya usawa wa bahari, utaona madirisha yakifungwa moja baada ya jingine bila mtu kuambiwa. Kutoka hapo ni Runyenjes, kisha Chuka, Chogoria na Nkubu, huku ukivuka mito kama Thuci, Nithi na Mutonga inayoteremka kutoka mlimani. Unapoingia mji wa Meru uliokumbatiwa na msitu wa Imenti, huenda ikawa saa nane mchana na hujaliona jua tangu asubuhi.

Sababu ya hali hiyo si ngumu kueleza. Katika miezi hiyo upepo wa kusi huvuma kutoka baharini ukibeba unyevu. Ukigonga mlima, hewa hupanda, hupoa na kugeuka mawingu mazito yanayotanda chini kama blanketi la kijivu. Jua huzibwa, manyunyu huanguka, na majani chai hukua polepole. Ukizunguka hadi Timau, upande wa kaskazini wa mlima, utakuta mbingu iko wazi na ngano ikipeperuka kwa upepo. Lakini Timau iko zaidi ya meta 2,000 juu, na usiku usio na mawingu huachilia joto lote la mchana likapotea angani. Basi upande mmoja watu hutetemeka kwa kukosa jua, na upande wa pili hutetemeka baada ya jua kuzama.

Swali ambalo makala haya yanataka kukuuliza ni hili: watu wa huko huota moto gani, na je, moto huo ni salama?

NYUMBA ILIHAMA, MOTO UKABAKI

Zamani swali hilo lisingekuwa na maana. Nyumba ya jadi ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi, na katikati yake palikuwa na mafiga matatu. Moto uliopika chakula ndio uliowatia watu joto. Moshi ulipanda polepole, ukapenya kwenye nyasi za paa na kuzikausha, ukafukuza wadudu. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya moto ili yasibunguliwe. Watoto na mbuzi walilala karibu na joto hilo hilo. Macho yaliwasha na vifua vilikohoa, hilo hatulifichi, lakini nyumba ilikuwa na moto, na paa lake lilikuwa na njia ya kupumulia.

Kisha ikaja nyumba ya pembe nne. Kwanza ya mbao na mabati, baadaye ya mawe, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo. Ilikuwa hatua ya maendeleo na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini angalia kilichotokea kwa moto. Ulifukuzwa. Jikoni pakajengwa nyuma ya nyumba, kibanda cha mbao kilichojaa masizi, ili moshi usichafue kuta zilizopakwa rangi na vitambaa vya kochi vilivyofumwa kwa mkono. Nyumba kubwa ikabaki safi, nzuri, na baridi kama kaburi.

Ndiyo maana ukialikwa nyumbani kwa mtu huko Runyenjes au Kibirichia wakati wa kipupwe, utaketishwa sebuleni kwa heshima, utaletewa chai, na baada ya nusu saa utagundua kwamba umebaki peke yako na kalenda ukutani. Wenyeji wote wako jikoni. Si kwamba wamekudharau. Wamefuata moto. Mgeni mwenye busara huomba ruhusa akawafuate.

Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba upande wa Timau walijenga nyumba za mawe pia, lakini walijenga na dohani, yaani njia ya moshi inayopita ukutani hadi juu ya paa. Walitoka katika nchi ambako nyumba bila dohani haikuhesabiwa kuwa nyumba. Fundi wetu alipochukua ramani ya nyumba ya mawe, alichukua kuta, akachukua madirisha, akachukua veranda. Dohani akaiacha, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na jiko lake nyuma ya uwanja. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

JIKO LINAPOINGIA CHUMBANI

Usiku wa Julai mtu hufanya nini katika nyumba hiyo isiyo na dohani? Huchukua jiko la makaa. Hulipepea nje hadi makaa yawe mekundu na moshi ukome, kisha hulibeba hadi chumba cha kulala, akafunga mlango na dirisha, akaziba kwa tambara nafasi iliyo chini ya mlango. Chumba hupata joto upesi. Watoto husinzia. Na kila mwaka wa kipupwe, magazeti yetu huandika habari za familia ambayo haikuamka.

Msomaji, tafadhali lisome jambo hili polepole. Makaa yanapoungua mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto, lakini gesi hii ni hatari isiyo na moshi wa kukuonya. Ikivutwa, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka mwilini lakini haibebi tena kile kinachotuweka hai. Anayelala huzama katika usingizi mzito zaidi, na usingizi huo ndio unaomchukua.

Kuna imani kadhaa ambazo zafaa zizikwe. Ya kwanza ni kwamba makaa yakishaiva na kuwa mekundu hayana madhara. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi hiyo kwa wingi. Ya pili ni kwamba sufuria ya maji juu ya jiko husafisha hewa. Maji hutia mvuke chumbani tu, wala hayaiondoi gesi. Ya tatu ni kwamba mtu mzima mwenye nguvu ataihisi na kuamka. Anayeihisi ni yule aliye macho, naye huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na miguu humlegea. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibovu. Mkiumwa kichwa nyote chumbani kwa wakati mmoja, toka nje kwanza, maswali baadaye. Aliyezirai atolewe kwenye hewa safi na akimbizwe hospitalini akapewe oksijeni. Wajawazito na watoto wachanga ndio huathirika upesi zaidi.

Wazee walituonya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika chumba chenye jiko la makaa mambo hugeuka. Anayeziba ufa huenda asiwepo wa kuujenga huo ukuta.

Nimetaja gesi kwanza kwa kuwa huua kwa usiku mmoja. Moshi wa kuni nao huua, ila kwa miaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 uchafu wa hewa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Hapa kwetu, sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia za Kenya hutegemea kuni kwa mapishi. Mama anayeinama juu ya mafiga huko Igembe anahusika na hesabu hizo, na mtoto aliye mgongoni mwake pia.

WANAOCHOMA MAHINDI

Ebu sasa tutoke Meru kidogo tuone wengine wanavyofanya. Katika majimbo ya Marekani yanayolima mahindi, ambako theluji hufunika mashamba kwa miezi, kuna familia zinazopasha nyumba zao joto kwa kuchoma punje za mahindi. Naam, mahindi yale yale ya ugali. Jiko lenyewe ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo na kihori cha kuwekea punje. Parafujo inayozungushwa na umeme hudondosha punje chache chache kwenye moto, feni hupuliza hewa, na moshi hutolewa nje kwa bomba linalopita ukutani.

Jiko kama hilo huchoma pia peleti, ambazo ni vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu nyingi hadi lignini, gundi ya asili iliyo ndani ya mti wenyewe, ikavigandisha. Kidonge kimoja ni chembamba kama kalamu na kifupi kuliko kidole, na ni kikavu sana, ndiyo maana huungua vizuri na kuacha majivu kidogo. Majiko haya yalianza kuingia majumbani Marekani katika miaka ya 1980, baada ya watu kuchoshwa na bei ya mafuta iliyopanda katika miaka ya 1970. Ulaya nako yameenea sana, ingawa mwaka wa 2022, vita vilipozuka Ukraine, bei ya peleti ilipanda ghafla na wenye nyumba wakalia.

Je, teknolojia hiyo yatufaa? Hebu tupige hesabu. Jiko la mahindi linapofanya kazi kutwa kucha kwenye baridi kali huweza kula karibu kilo 25 za punje kwa siku. Gunia letu la kilo 90 lingekwisha kabla ya siku nne. Kwa mwezi mmoja ungechoma magunia manane. Kwa miaka mingi imekadiriwa kwamba Mkenya mmoja hula karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kuota moto ungeteketeza ugali wa watu wanane wa mwaka mzima. Mzee yeyote wa Mbeere anayekumbuka miaka ya njaa akikukuta unatia punje motoni, atakuuliza kama una akili timamu.

Isitoshe, jiko hilo lahitaji umeme. Stima ikipotea, parafujo husimama na moto hufa. Nawe wajua jinsi stima inavyopenda kupotea usiku wa mvua.

Hata peleti zina masharti yake. Huko Rwanda, katika mji wa Gisenyi kando ya Ziwa Kivu, kampuni iitwayo Inyenyeri iliwapa wakazi majiko madogo ya kupikia yenye feni na kuwauzia peleti za mbao. Wapishi walipata moto msafi. Lakini kampuni ilifunga shughuli zake mwaka wa 2020. Jiko la peleti bila kiwanda cha peleti ni kama redio bila betri.

GUNZI, MALI INAYOTUPWA

Sasa turudi Embu tutazame kando ya ghala. Baada ya mahindi kupukuchuliwa, kinachobaki ni gunzi, ambalo wengine huliita bunzi. Kwa muda mrefu gunzi limekuwa mtumishi asiye na mshahara. Huwashia moto asubuhi, huchemsha chai, huzibia chupa ya uji, na lilikuwa na kazi nyingine ya chooni ambayo jarida la familia haliwezi kuieleza mkishika vijiko.

Gunzi kavu lina nishati inayokaribia ile ya kuni kavu, kilo kwa kilo. Tofauti ni kwamba gunzi ni jepesi na lina matundu, hivyo huwaka upesi kwa ndimi kubwa na kwisha upesi. Ndiyo maana mama humwambia mtoto aongeze mengine kabla sufuria haijachemka.

Hebu tupige hesabu ya pili. Gunia moja la punje huacha kwa makadirio kilo 18 hivi za magunzi. Familia iliyovuna magunia kumi ina kilo 180. Ikichoma kilo mbili kila jioni, magunzi hayo yanatosha siku 90, yaani karibu Juni, Julai na Agosti yote. Kilo mbili zikichomwa katika jiko la chuma lenye mlango na bomba zuri, zaweza kukipa chumba joto linalokaribia lile la hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka kwa saa mbili na ushei. Ukiiwasha hita hiyo kwa muda huo utakuwa umekula karibu uniti tano za stima kila jioni. Ukitaka kujua tofauti, zidisha kwa siku 90.

Kalenda nayo imetusaidia. Mahindi ya mvua za vuli huvunwa Januari na Februari, kukiwa na jua kali. Magunzi ya mavuno hayo yakihifadhiwa darini au penye paa, hukaa miezi minne na zaidi yakikauka. Kipupwe kinapofika yako tayari. Yale ya mavuno ya Agosti hutoka shambani yakiwa na unyevu, na gunzi bichi halina joto, lina moshi tu.

Usidhani kwamba wazo hili ni ndoto za mwandishi. Huko Kibugu, katika Kaunti ya Embu, watafiti wa shirika la kilimo-misitu la ICRAF lenye makao yake Nairobi walifanya majaribio ya jiko la mapishi linalotumia magunzi na vijiti vya grivelia, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2016. Jiko hilo ni mkebe wa chuma wenye matundu. Magunzi hupangwa ndani, moto ukawashwa juu badala ya chini. Moto hushuka polepole, na mvuke unaotoka kwenye magunzi huungulia juu badala ya kuwa moshi wa kukuchoma macho. Lilipolinganishwa na mafiga, lilitumia kuni kidogo na kutoa moshi kidogo. Mwishoni hubaki makaa, ambayo mkulima anaweza kuyapikia tena au kuyachanganya na udongo wa shamba lake. Ila lina adabu zake: vijiti lazima vikatwe vifupi, na moto ukishaanza si rahisi kuongeza. Na yale makaa yanayobaki, msomaji, usije ukayabeba hadi chumbani. Sheria ni ile ile.

Kuna pia jiko la unga wa mbao, ambalo mafundi wetu wamelijua kwa miaka mingi bila kusikia neno peleti. Chukua mkebe mkubwa uliotobolewa chini, simamisha chupa katikati, shindilia unga wa mbao kuizunguka, kisha vuta chupa polepole. Pabakipo tundu ndipo njia ya moto. Ukiwasha kwa chini, unga huungua taratibu kwa saa nyingi. Meru ni mji wa mbao, na ile mbao ya muuru, ambayo wageni huiita mwaloni wa Meru, imejulikana kote nchini. Palipo na msumeno hapakosi lundo la unga. Hata hivyo usichome unga wa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwa maana moshi wake ni sumu. Na kwa kuwa unga huungua taratibu, gesi yake ni nyingi. Bila bomba, jiko hilo ni la nje tu.

MAKAA HUTOKA WAPI?

Huenda ukauliza, kwa nini tusiendelee na makaa, ambayo kila mtu ameyazoea? Teremka kutoka Embu kwenda Siakago na Kiritiri, nchi ya Mbeere, nawe utapata jibu. Kule kuna joto, udongo ni mkavu, na hakuna anayehitaji moto wa kuota. Lakini kule ndiko migunga hukatwa na kuchomwa makaa, kisha magunia hupakiwa kupelekwa kwenye miji yenye baridi. Kwa maneno mengine, watu wa mlimani huota miti ya watu wa bondeni. Tanuri la udongo la kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mti kabla hata gunia halijafungwa. Mti uliochukua miaka mingi kukua huwaka kwa jioni chache, na Mbeere hubaki na mawe.

Na mlimani kwenyewe je? Msitu wa Mlima Kenya uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 1997, na Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, marufuku iliyodumu miaka kadhaa. Mto Thuci, Nithi na Kathita yote huanzia huko. Ukikata mti wa kuota moto Julai, utalitafuta tone la maji Septemba. Gunzi halina tatizo hilo. Limekwisha zaa.

MOTO WENYE NJIA

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Gunzi, kuni, unga wa mbao au peleti, vyote ni vizuri au vibaya kwa kutegemea jambo moja: moshi na gesi vina njia ya kutoka, au havina? Bwanyenye wa Ulaya mwenye jiko la bei ghali na mkulima wa Kianjokoma mwenye jiko la fundi wa jua kali wana haja moja, nayo ni bomba linaloanzia kwenye moto na kuishia juu ya paa.

Ukijenga nyumba kijijini kwa ajili ya wazazi, zungumza na fundi kabla msingi haujachimbwa. Dohani ya matofali inayojengwa pamoja na ukuta ni rahisi kuliko ile ya kubomolea ukuta baadaye. Juu ya hiyo, fikiria jiko la chuma lenye mlango badala ya moto wa wazi ukutani. Moto wa wazi ni mzuri kwa macho, lakini joto lake jingi hukimbilia juu na kuwapasha kunguru. Bomba la chuma lipite juu ya kilele cha paa ili upepo usirudishe moshi. Mahali linapopenya penye mbao, liachie nafasi na kizuizi kisichoshika moto. Likwanguliwe masizi kabla ya kila kipupwe. Usilizibe kamwe kabla makaa hayajazimika kabisa, na hata ukiwa na bomba zuri, acha mwanya wa hewa kuingia, maana moto nao hupumua.

Kabla hujafikiria moto, fikiria dari. Nyumba ya mabati bila dari hupoteza joto kama kikapu kinavyopoteza maji. Dari la mbao nyembamba, pazia zito na zulia sakafuni vitakupa joto bila kuwasha hata kiberiti. Wazazi wengi huko hutumiwa blanketi mpya kila Desemba, lakini hawajawahi kutumiwa dari.

Kwa mwanafunzi neno langu ni fupi zaidi. Chuo Kikuu cha Embu, kile cha Chuka na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vyote vimo katika ukanda huu wa baridi, na maelfu ya vijana hupanga vyumba vidogo karibu navyo. Wengi wametoka Mombasa, Garissa au Kisumu na hawajawahi kulala chini ya blanketi mbili. Ndio wanaoshawishika kwa urahisi kuingiza jiko ndani usiku mmoja tu wa kusomea mtihani. Mwenye chumba cha kukodisha hawezi kujenga dohani, lakini anaweza kupika mlango ukiwa wazi, kulitoa jiko nje kabla ya kulala, kujaza maji moto kwenye chupa na kuiweka miguuni, na kuvaa soksi. Mzazi, usimtumie mwanao nauli bila kumwambia hayo.

Nawe msafiri, ukifika Meru au Embu msimu huu, usiwaonee haya wenyeji kwa kukimbilia jikoni kwao. Kaa karibu na moto, kunywa chai, sifu viazi vitamu. Lakini inua macho uangalie paa. Ukiona moshi umetanda humo ndani nao watoto wanakohoa, tumia adabu zako zote za mgeni uulize bei ya bomba moja la bati pale mjini. Huenda ikawa ndiyo zawadi bora kuliko sukari na mkate uliobeba.